Utitiri wa Nyanya na Msitu wa Kilimambogo

Mkulima apandaye nyanya huko Gatuanyaga, mashariki ya mji wa Thika, anaifahamu hasara ijayo pamoja na kiangazi. Jua liwakapo mwezi wa Januari na Februari, na vumbi la barabara likatanda mashambani, majani ya nyanya huanza kuonyesha madoadoa meupe kana kwamba yamechomwa kwa sindano. Baada ya siku chache hugeuka manjano, kisha hukauka, na mmea hufunikwa na utando mwembamba. Wako wadhanio kuwa ni ukame, wakazidisha maji. Wengine hudhani ni ukungu, wakanunua dawa isiyohusika. Kumbe adui ni utitiri mwekundu.

Kiumbe huyu si mdudu hasa, bali ni jamaa ya buibui. Akiwa mzima ana miguu minane, na urefu wake haufiki milimita moja. Hukaa chini ya jani, akalitoboa na kunyonya utomvu wake. Katika joto kali huweza kukua kutoka yai hadi utu uzima kwa muda wa siku kumi hivi, na jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya mia moja. Hana mabawa, lakini upepo humchukua kutoka shamba hata shamba.

Duniani zimetambuliwa aina zaidi ya 1,200 za utitiri wa jamaa hii. Baadhi hula mimea mingi ya kila namna; wengine hushikamana na mimea ya ukoo mmoja tu. Aina iletayo msiba mkubwa kwa nyanya, iitwayo kitaalamu Tetranychus evansi, asili yake ni Amerika ya Kusini. Ilipewa jina hilo mwaka 1960, ikaonekana Zimbabwe mwaka 1979 na Kenya mwaka 2001. Chakula chake hasa ni mimea ya ukoo wa mnavu, ndio nyanya, biringani, viazi ulaya, na mnavu wenyewe, ambao Wakikuyu huuita managu.

Ng'ambo ya Mto Athi umesimama mlima Ol Donyo Sabuk, au Kilimambogo, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1967. Ni rahisi mtu kuutazama msitu ule na kuulaumu kuwa ndiyo maskani ya waharibifu wote. Lakini fikira hiyo haina haki. Mahali palipo na mimea mingi ya asili, utitiri wa aina mbalimbali huwapo, kila aina na mimea yake, lakini kwa kawaida huwa wachache. Sababu ni kwamba pamoja nao huishi adui zao: utitiri wawindaji, na wadudu wadogo kama kobe wa majani, ambao huwala wao na mayai yao.

Shambani mambo hugeuka. Zao ni moja, na dawa kali hupigwa ovyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, DDT ilipoenea katika mashamba ya matunda ya Ulaya na Marekani, utitiri waliongezeka badala ya kupungua, kwa kuwa dawa iliwaua wawindaji wao. Tena utitiri huzoea dawa upesi.

Shida ya utitiri huyu mgeni ni kwamba wawindaji wengi wa kienyeji hawastawi kwa kumla. Kwa hiyo wataalamu walikwenda kumtafuta adui yake huko alikotoka, wakichunguza nyanya na mimea ya ukoo wa mnavu. Kusini mwa Brazil walimpata utitiri mwindaji, Phytoseiulus longipes, amlaye kweli. Basi mwenye kufyeka kila kichaka huenda akaangamiza msaada kabla haujajulikana.

Yampasa mkulima afanye nini? Kwanza, ageuze majani ya chini mara mbili kwa juma, hasa kando ya barabara na upande utokao upepo. Pili, mmea ulioshambuliwa mapema ung'olewe, utiwe mfukoni papo hapo, na kuchomwa. Tatu, mashina ya nyanya yasiachwe shambani baada ya mavuno, na msimu ufuatao ipandwe mahindi au kitunguu. Nne, dawa iwe ile iliyoandikwa kuwa ni ya utitiri, ifike chini ya majani, na isirudiwe ile ile kila mara.

Na mnavu je? Ni mboga ya nyumbani, na hapana sababu ya kuwanyima watoto. Upandwe mbali na nyanya, majani yake yakaguliwe vilevile, na ule uotao wenyewe mipakani ung'olewe kabla ya miche ya nyanya kupandikizwa.