Kabla ya Kuibadili Simu Mfumo

Vijana wetu huzihuisha simu kuukuu kwa kuzitia mfumo mpya, kama LineageOS, ulioanzishwa Desemba 2016 CyanogenMod ilipositishwa. Kazi hii ni njema, lakini ina hatari yake. Katika simu za Pixel, kwa mfano, kuondoa kufuli inayozuia mifumo migeni hufuta kila kilichohifadhiwa ndani ya simu. Hivyo ndivyo tulivyoipoteza sauti ya bibi yetu, aliyekwisha kutangulia mbele ya haki.

Basi tunausia: nakilini kwanza picha na sauti zote kwenye kompyuta. Kisha hakikisheni kwamba mfumo na kerneli, kiini chake, ni vya simu iyo hiyo. Visivyoiafiki huweza kuifanya isiwake tena. Majuto ni mjukuu.