Ukisimamishwa na trafiki: Tozo, tochi na haki ambazo madereva wengi hawazijui

MADEREVA wanaotumia Barabara ya Morogoro, hususan kipande kinachopita Kiluvya, Maili Moja, Visiga, Mlandizi hadi Vigwaza mkoani Pwani, wana lugha yao wanayoielewa bila kufundishwa. Gari linalotoka mbele likiwasha taa mara mbili mchana kweupe, maana yake ni moja tu: punguza mwendo, mbele kuna tochi.

Tochi ni jina ambalo Watanzania wamekipa kifaa cha polisi cha kupima mwendo kasi. Kwa miaka mingi sasa, kifaa hicho pamoja na mkono wa askari aliyevaa sare nyeupe vimekuwa chanzo cha malalamiko, mabishano na hata migomo.

Kero hiyo haiwahusu wenye mabasi na malori ya masafa marefu peke yao. Inawagusa pia vijana wa bodaboda wanaobeba abiria na mizigo kutoka kata za ndani kama Vihingo wilayani Kisarawe, upande unaopakana na Kibaha, ambao kwao safari ya kufika barabara kuu ndiyo riziki ya siku.

Kwa kijana wa namna hiyo, ambaye aghalabu pikipiki si yake na jioni anadaiwa hesabu na mmiliki, kusimamishwa kwa nusu saa ni abiria wawili waliopotea. Kuandikiwa kosa ni siku nzima iliyokwenda bure.

Pamoja na ukubwa wa kero hiyo, wengi wa wanaosimamishwa hawajui sheria inasema nini, askari anaruhusiwa kufanya nini na wao wana haki gani. Ujinga huo ndio mlango unaopitisha rushwa.

Sheria inasemaje

Sheria inayotawala mambo hayo Tanzania Bara ni Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka 1973, ambayo sasa ni Sura ya 168 ya Sheria za nchi. Imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, lakini mhimili wake umebaki ule ule.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, dereva anayeamriwa kusimama na askari polisi aliye ndani ya sare anawajibika kusimama. Kukaidi ni kosa lingine linalojitegemea, hata kama awali dereva hakuwa na kosa lolote.

Akishasimama, dereva anatakiwa kuwa na leseni halali inayolingana na chombo anachoendesha. Kwa pikipiki, kwa mfano, leseni inayohitajika ni ya daraja A. Tangu marekebisho ya mwaka 2019, leseni ya udereva hudumu kwa miaka mitano badala ya mitatu, na ada yake ilipanda kutoka Sh40,000 hadi Sh70,000.

Jambo la pili ni bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza kuendesha chombo cha moto barabarani bila angalau bima ya kulinda watu wengine, ile ambayo mitaani inaitwa bima ndogo. Siku hizi askari anaweza kuhakiki uhai wa bima hiyo kwa njia ya mtandao, hivyo kuweka stika ya kughushi kwenye kioo hakusaidii kitu.

Ipo pia karatasi moja ambayo haitakiwi tena. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, maarufu kama 'road licence', ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017/2018 na badala yake fedha hizo zikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Dereva anayeulizwa stika hiyo leo anaulizwa kitu ambacho hakipo.

Mwendo wa 50 na fumbo la vibao

Kosa linalowaponza madereva wengi katika barabara hiyo ni mwendo kasi. Sheria inaweka ukomo wa kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilometa 80 kwa saa kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500, yakiwamo mabasi na malori, hata yanapokuwa nje ya makazi.

Hesabu ya ukomo huo ni rahisi. Gari dogo linalokwenda kilometa 50 kwa saa katika barabara kavu, dereva akichukua sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, litasimama baada ya meta zipatazo 28. Likiwa katika kilometa 80, litahitaji takribani meta 58.

Tofauti hiyo ya meta 30 inatosha kuamua uhai wa mtoto anayevuka kwenda shule pale Mlandizi au mama anayevusha ndoo ya ndizi Visiga. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa huongezeka mara nne na nusu mwendo wa gari unapopanda kutoka kilometa 50 hadi 65 kwa saa.

Madereva wengi hawabishani na hoja hiyo. Wanachobishania ni namna inavyosimamiwa.

Malalamiko yao ya kwanza ni vibao. Kibao kinachoonyesha mwanzo wa 50 huonekana vizuri, lakini kile cha mstari wa kukata kinachoonyesha mwisho wa ukomo, mahali pengine kimeng'olewa, kimefunikwa na majani au hakikuwahi kuwekwa. Dereva anayedhani ametoka kwenye makazi hujikuta ametoka machoni pake tu, si machoni pa tochi.

La pili ni kujificha. Askari mwenye kifaa hukaa kwenye kona au nyuma ya mti, akapiga picha na kuituma kwa simu kwa mwenzake aliye kilometa kadhaa mbele. Dereva husimamishwa mahali ambapo hakuwa na kosa na kuonyeshwa picha ya mahali alikokwishapita.

Kisheria, kuwapo kwa picha hiyo si ushahidi wa uonevu. Ikiwa inaonyesha namba ya gari, mwendo na muda, inaweza kuwa ushahidi halali. Lakini dereva ana haki ya kuonyeshwa picha yenyewe na kuelezwa ilipigwa wapi. Askari anayedai kosa la mwendo bila kuonyesha chochote anamtaka dereva aamini kwa mdomo.

Tozo, kukiri na kukana

Sehemu isiyofahamika sana katika kadhia hii ni kwamba tozo anayoandikiwa dereva barabarani si hukumu. Ni taarifa ya kosa.

Sheria inampa askari uwezo wa kumwandikia mtuhumiwa taarifa kwamba anadaiwa kutenda kosa, na kumpa nafasi ya kulimaliza kwa kulipa kiasi kilichowekwa badala ya kufikishwa mahakamani. Anayekubali hulipa, na suala likaishia hapo. Anayekataa ana haki ya kupelekwa mahakamani, ambako ni kazi ya upande wa mashtaka kuthibitisha.

Haki hiyo ina mizizi katika Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 13(6) inamhakikishia kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla ya kuthibitika.

Kwa nini basi ni wachache wanaokana? Jibu liko katika muda na gharama. Dereva wa lori la mizigo linaloelekea Zambia au Kongo hawezi kulaza mzigo Kibaha kwa siku tatu akisubiri kesi. Kijana wa bodaboda naye anaona bora alipe. Isitoshe, mahakama ikimtia mtu hatiani ina mamlaka ya kutoa adhabu nzito zaidi ya tozo, ikiwamo kumnyang'anya leseni kwa makosa makubwa. Hivyo wengi hukiri hata pale wanapoamini kuwa hawakukosea.

Kiwango cha tozo kwa magari kimekuwa Sh30,000 kwa kosa moja. Kwa pikipiki na bajaji, Serikali ilikipunguza kutoka kiasi hicho hadi Sh10,000 kupitia bajeti ya mwaka 2021/2022, baada ya kilio cha muda mrefu kwamba kumtoza mwenye pikipiki sawa na mwenye lori si haki.

Ikumbukwe kuwa tozo ni kwa kila kosa. Kijana aliyekutwa hana kofia ngumu, hana leseni na amepakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, anaweza kuandikiwa makosa matatu kwa mpigo.

Malipo ya tozo hayafanyiki tena kwa kumkabidhi askari fedha taslimu. Dereva hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, akalipa kwa simu, benki au kwa wakala. Deni husajiliwa kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi na linaweza kutazamwa mtandaoni kwa kutumia namba ya gari au ya leseni.

Utaratibu huo umeziba mianya ya stakabadhi bandia, lakini umezaa jambo jipya. Deni hufuata namba ya gari, hivyo mmiliki anaweza kugundua baada ya miezi kwamba dereva aliyemwajiri amemwachia rundo la tozo. Anayenunua gari lililokwishatumika naye anashauriwa kukagua deni kabla ya kutoa fedha yake.

Hesabu ya rushwa

Pamoja na mfumo huo, rushwa ya barabarani haijaisha, na sababu yake ni ya kihesabu kuliko ya kimaadili. Tozo ni Sh30,000. 'Hela ya maji' ni Sh5,000 au Sh10,000. Dereva anaokoa, askari anapata, anayekosa ni Hazina ya Serikali na abiria aliyebaki ndani ya gari bovu linaloruhusiwa kuendelea na safari.

Wengi hudhani kwamba anayekosea katika mpango huo ni askari peke yake. Sivyo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Namba 11 ya mwaka 2007, inamhesabu mtoaji na mpokeaji kuwa wakosaji sawa. Adhabu ni faini isiyopungua Sh500,000 na isiyozidi Sh1 milioni, au kifungo cha kati ya miaka mitatu na mitano, au vyote viwili.

Kwa maneno mengine, dereva anayetoa Sh5,000 ili kuepuka tozo ya Sh30,000 anajiweka katika hatari ya faini kubwa mara kumi na sita na ushei ya ile anayoikimbia. Anayeombwa rushwa anaweza kutoa taarifa TAKUKURU kwa kupiga namba 113 bila malipo.

Somo la mwaka 2015

Nchi imewahi kuonja matokeo ya kuyaacha manung'uniko haya yakaiva. Machi 11, 2015, zaidi ya watu 40 walikufa pale kontena lilipoangukia basi eneo la Changarawe, Mafinga mkoani Iringa. Ajali hiyo na nyingine zilizofuatana ziliongeza shinikizo la kuwadhibiti madereva.

Aprili 10 mwaka huo madereva wa mabasi walijibu kwa mgomo uliosimamisha usafiri katika kituo cha Ubungo na miji mingine, wakaurudia Mei 4. Walipinga sharti la kurudi darasani katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kila leseni inapoisha, walidai mikataba ya ajira, na walilalamikia tochi na manyanyaso ya barabarani.

Abiria waliokwama siku hizo walijifunza kwamba dereva mwenye hasira na askari asiyeaminika wote ni hatari kwao.

Miaka michache baadaye, Kangi Lugola, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi kati ya mwaka 2018 na 2020, aliagiza dhamana itolewe vituoni saa 24, hata mwishoni mwa wiki, na pikipiki zisirundikwe vituoni kwa makosa madogo. Alitaka zizuiliwe zile zilizohusika katika uhalifu, zilizopata ajali au zisizo na mwenyewe.

Askari wanahitajika

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba trafiki waondolewe barabarani. Takwimu zinakataa. Jeshi la Polisi liliandika vifo 4,002 vya ajali za barabarani mwaka 2013, 3,760 mwaka 2014, 3,468 mwaka 2015 na 3,256 mwaka 2016. WHO, ikitumia njia yake ya kukadiria, iliweka vifo vya mwaka huo wa 2016 kuwa 16,252.

Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni kubwa, lakini hata ile ndogo ni watu karibu tisa kila siku.

Njia ya kupunguza misuguano inajulikana. Mabasi ya abiria yanafungwa vifaa vya kufuatilia mwendo vinavyosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), ambavyo havina uchovu wala havipokei chai. Rwanda imeweka kamera za mwendo barabarani. Kibao kinachoonekana, mwanzo na mwisho, ni rahisi kuliko vyote hivyo.

Hadi hayo yatakapoenea, dereva ana mambo machache ya kushika: asimame anapoamriwa, aulize kosa lake kwa heshima, aombe kuonyeshwa ushahidi, asome anachoandikiwa, na alipe kwa namba ya malipo tu. Asipokubaliana na kosa, aseme hivyo papo hapo kabla ya kulikiri, kwa sababu tozo ikishalipwa, kosa limekwishakubaliwa.