Ghuba Iliyojengwa Ndani ya Ghala

Kwa ukubwa, hakuna modeli ya maji, yaani nakala ndogo ya mto au ghuba yenye maji yanayotiririka, iliyoifikia ile ya bonde la mto Mississippi: takriban ekari 200, karibu na Jackson, iliyoanza kujengwa mwaka 1943 kwa nguvu za wafungwa wa kivita wa Kijerumani. Mwaka 1952 ilisaidia kutabiri mafuriko ya mto Missouri. Baadaye iliachwa, ikamezwa na vichaka.

Lakini ule ni mto. Kwenye milango ya mito, maji matamu yanapokutana na ya chumvi, bingwa wa ukubwa ilikuwa modeli ya ghuba ya Chesapeake, jimbo la Maryland, na jengo lake la ekari 14. Kompyuta zikaipiku mapema, ikafungwa miaka ya 1980. Kwa ukongwe, heshima ni ya mhandisi Osborne Reynolds, aliyetengeneza modeli ya mlango wa mto Mersey mle chuoni Manchester mwaka 1885.

Mimi ushindi naupeleka Sausalito, California, kwenye modeli ya ghuba ya San Francisco. Ni ekari 1.5 tu, ndani ya ghala lililobaki kwenye kiwanda cha meli cha wakati wa vita. Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kiliikamilisha mwaka 1957 kupima mpango wa John Reber, aliyetaka ghuba izibwe kwa kuta mbili, sehemu zake zigeuke maziwa ya maji matamu. Maji yalipojaa na kupwa humo, ikadhihirika kuwa mpango haufai. Rekodi gani inaishinda hiyo? Ghuba nzima ilinusurika kwa sababu kosa lilijaribiwa kwanza kwenye zege.

Na ufundi wake! Urefu umepunguzwa mara 1,000, kina mara 100 tu. Bila hivyo, penye mita moja ya maji pangebaki milimita moja, na utando mwembamba hivyo hautiririki kama bahari. Lakini kina kikikuzwa, maji hukimbia kupita kiasi. Kwa hiyo sakafuni vimesimikwa vipande vya shaba vipatavyo 250,000 vya kuyapunguzia kasi. Saa 24 na dakika 50 za kujaa na kupwa hupita humo kwa takriban dakika 15.

Utafiti ulikoma mwaka 2000. Milango haikufungwa, wanafunzi na wageni huingia bure na kuizunguka ghuba yote kwa miguu.