Chama si cha Mmoja: Kukabiliana na Ubabe katika Vyama vya Kiswahili Vyuoni

Katika vyuo vyetu hapa Uganda, chama cha Kiswahili cha wanafunzi hufanya kazi ambayo darasa peke yake haliwezi kuifanya. Darasani mwanafunzi hufundishwa ngeli na minyambuliko ya vitenzi. Chamani, kwa njia ya maigizo, ushairi na midahalo, huizoea lugha yenyewe kinywani. Hata hivyo, walezi wengi wa vyama hivi wanaijua hali hii: muhula unapoanza ukumbi hujaa, lakini ifikapo katikati ya muhula hubaki wachache, na aghalabu ni wale wale wanaosema kila siku. Walioondoka hawakugombana na mtu. Walinyamaza, kisha hawakuonekana tena. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hii hutokea na nini kifanywe.

Kwanza, ni nani huyu mwanachama mbabe? Tusidhani kuwa ni mtu mwenye nia mbaya. Mara nyingi ndiye mwenye bidii kuliko wote: hufika mapema, ameusoma mchezo wote, na pengine amelelewa katika mtaa au familia inayozungumza Kiswahili. Lakini husema wa kwanza na wa mwisho. Humkatiza mwenzake ili amsahihishe upatanisho wa kisarufi kabla wazo halijaisha. Huamua nani aigize nini kabla ya kikao, na akipingwa hutishia kujiuzulu. Wenzake nao hujisemea kimoyomoyo, "mwenye nguvu mpishe," na mambo huendelea hivyo.

Isimu inatusaidia kuelewa siri ya nguvu hiyo. Mwaka 1974, Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walichapisha makala mashuhuri kuhusu jinsi watu wanavyopokezana zamu katika mazungumzo. Walionyesha kwamba msemaji asipomteua anayemfuata, zamu humwendea yule anayeanza kusema kwanza. Hebu tulitazame jambo hili katika chama chetu. Mwanafunzi mwenye Luganda, Acholi au Lugbara kama lugha yake ya kwanza anahitaji muda kidogo wa kupanga ngeli na viambishi kichwani. Anapofungua kinywa, aliyekizungumza Kiswahili tangu utotoni ameshaanza. Hakunyimwa nafasi kwa hila, alishindwa mbio. Aidha, nchini mwetu Kiswahili kilibeba kwa miaka mingi sifa ya kuwa lugha ya amri na vitisho vya kambini, hivyo mwanafunzi anayekemewa hadharani kwa kosa la kisarufi huona kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli.

Ikiwa chanzo ni mgawanyo wa zamu, basi dawa yake haimo katika kumfukuza mbabe. Akifukuzwa, chama hupoteza mjuzi wake, na kiti chake hukaliwa na mwingine mwenye kasi kama yeye. Hatua zifuatazo zinafaa zaidi.

1. Chama kiwe na kanuni zilizoandikwa. Wapo wanaosema, "Sisi ni marafiki, kanuni za nini?" Katika hotuba aliyoitoa mwaka 1970, Jo Freeman wa Marekani alieleza kwamba kikundi kisicho na utaratibu ulio wazi hakikosi wakubwa, huwa na wakubwa wasioonekana, ambao hawakuchaguliwa na hawawezi kuulizwa. Kanuni chache zinatosha: nani anagawa nafasi za maigizo, kwa kura au kwa majaribio, na uongozi unabadilishwa lini.

2. Asiyesema apewe nafasi kabla ya aliyekwisha kusema. Kanuni hii si ngeni. Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani aliyechapisha kitabu cha taratibu za mikutano mwaka 1876, aliweka sharti kwamba mtu asisemee hoja moja mara ya pili iwapo yupo mwingine anayetaka kuisemea na bado hajapata nafasi. Mwenyekiti anahitaji sentensi moja tu: "Ahsante ndugu, tumekusikia, sasa tuwasikie ambao hawajachangia."

3. Mwenyekiti ajifunze kusubiri. Katika miaka ya 1970, Mary Budd Rowe aligundua kwamba walimu darasani husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu zaidi, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kuchangia. Sekunde hizo ndizo anazozihitaji mwanafunzi wetu.

4. Masahihisho yawe na wakati wake. Makosa yaandikwe, kisha yajadiliwe mwishoni bila kumtaja aliyeyafanya. Kazi hii anaweza kupewa yule yule mbabe, kwa sharti la kutomkatiza mtu. Hapo ujuzi wake unakuwa mali ya wote.

5. Mbabe aelezwe faraghani na waziwazi. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa mafumbo na vijembe, na waandishi wa majina ya khanga wanaujua vizuri. Lakini kijembe hakiponyi mgogoro, kwa sababu anayelengwa anaweza kujifanya hakusikia, au akajibu kwa kijembe kikali zaidi. Ni heri mlezi atumie lugha inayotaja tendo badala ya tabia. Kauli "Wewe unapenda kutawala" humfanya mtu ajitetee. Kauli "Jumamosi muda wote ulitumika kwa shairi moja, na wanne hawakufanya mazoezi" inamwachia jambo la kufikiria. Kauli ya kutendeka tunayoifundisha kila mwaka ina kazi hapa.

Migogoro hii hupamba moto hasa yanapokaribia maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7, siku iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, kwa kuwa kila mtu angependa kupanda jukwaani. Hivyo basi, kanuni zipitishwe mwanzoni mwa mwaka, kabla hapajawa na cha kugombania.

Huenda msomaji akaona kuwa hili ni jambo dogo la starehe za wanafunzi. Sivyo. Mwaka 2005 katiba yetu ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu watakaoifanya kazi hiyo ni hawa tulio nao vyuoni. Mwanafunzi anayetoka chamani akiamini kwamba Kiswahili kina wenyewe, na yeye si mmoja wao, ataingia darasani kwake na imani hiyo hiyo, na atawarithisha wanafunzi wake. Walezi wenzangu, tuhesabu waliosema katika kila kikao, si waliohudhuria tu.