Nakala moja, wasomaji sita: mnavyoweza kuisoma Afterlives mkiwa Jadida

Tuseme mko sita hapo Jadida, Wete. Nakala mnayo moja, na Kiingereza wanakimudu wawili tu. Je, Afterlives ya Abdulrazak Gurnah inasomeka? Inasomeka, tena huenda mkaifahamu vizuri kuliko anayeisoma peke yake London.

Gurnah alizaliwa Unguja 1948, akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021. Riwaya hii ilitoka 2020. Ni kisa cha mapenzi ya Afiya na Hamza, katika mji wa pwani usiotajwa jina, zama za Mjerumani na Vita vya Kwanza vya Dunia.

Waambieni wenzenu mapema: wapenzi hawa wanachelewa kukutana, hadi karibu nusu ya kitabu. Wanaotaka mapenzi tu huchoka hapo. Msiruke kurasa, maana kinachowavuta wawili hawa kimeandaliwa huko nyuma.

Afiya alifundishwa kuandika na kaka yake, Ilyas, aliyesomeshwa na Wajerumani kisha akaenda kujiunga na jeshi lao. Mlezi alipogundua kwamba mtoto wa kike anajua kuandika, alimpiga hadi akamvunja mkono. Kilichomwokoa ni kikaratasi alichokiandika mwenyewe.

Hamza naye alijitolea kuwa askari. Ofisa wake akamfunza Kijerumani. Aliporudi alikuwa anachechemea, na aliyemjeruhi hakuwa adui. Alikuwa mkubwa wake, Mjerumani wa jeshi lilelile.

Sasa wanapendana, na Hamza anamtafsiria Afiya beti za Schiller kutoka Kijerumani. Yaani lugha aliyoipata kwenye jeshi lililomuumiza ndiyo anayoitumia kumpa mpenzi wake zawadi. Hapa mimi ningekaa kikao kizima. Yule ofisa alimfanyia Hamza wema, au alikuwa anajifurahisha tu? Na kama halikuwa wema, mbona zawadi ni nzuri? Hamtakubaliana, na wala si lazima.

Namna ya kusoma, fanyeni kama Hamza. Anayejua Kiingereza asome kwa sauti, aeleze kwa Kiswahili cha hapohapo barazani, na wengine wamkatize akikosea. Kurasa kumi kwa kikao zinatosha. Aliyekosa kikao atumiwe sauti ya muhtasari kwenye grupu la WhatsApp, dakika tatu hivi, si hotuba.

Vita vyenyewe vinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu skuli wengi tulivisoma kama mambo ya Ulaya. Pemba na Unguja zilikuwa chini ya Uingereza, lakini Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja. Bara, wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Jenerali wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, alisalimu amri Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Kiingereza kikiwashinda kabisa, anzeni na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Gurnah ya 1994, Paradise, iliyotolewa na Mkuki na Nyota. Inaishia pale askari wa Kijerumani wanapopita, na Afterlives ni kama inaendelea kutoka hapo.

Yaliyompata Ilyas siyasemi. Mkimaliza ukurasa wa mwisho, si kabla, tafuteni kwenye simu jina la Bayume Mohamed Husen, mtoto wa Dar es Salaam aliyepigana upande wa Mjerumani katika vita hivyohivyo.