Ndege Ndogo na Wepesi wa Hewa

Miaka kadhaa iliyopita, muda mfupi baada ya kurejea nchini kutoka masomoni ng'ambo, nilifuatana na walimu wenzangu wawili kwenda kukagua vifaa vya kupimia mvua katika nyanda za juu. Tulichukuliwa na rafiki yetu, rubani, ambaye yeye na wenzake wawili walimiliki kwa ubia ndege ndogo ya aina ya Cessna 172. Tulitua asubuhi kwenye kiwanja cha majani chenye urefu wa mita 700, kilichoko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwisho wa kiwanja palikuwa na safu ya mikaratusi.

Kazi yetu ilikwisha saa saba mchana. Tulirudi kiwanjani na masanduku yetu, tukiwa tayari kuondoka. Rubani alikitazama kipimajoto, ambacho kilionyesha nyuzi 28 za Sentigredi. Alifungua kitabu cha ndege, akaandika tarakimu chache juu ya karatasi, kisha akasema, "Mabwana, leo hatuondoki."

Mimi ndiye niliyelalamika kuliko wote. Nilimwuliza, "Mbona asubuhi tumetua bila taabu yoyote?"

Akanijibu, "Ndugu Daktari, asubuhi ndege ilikuwa ikishuka. Sasa tunaitaka ipande." Kisha akanikabidhi ile karatasi niihakiki mwenyewe.

Niliihakiki mara mbili, wala sikuona kosa. Sheria za gesi nilikuwa nikizifundisha kila mwaka, lakini sikuwahi kuzihesabia uhai wangu. Makala haya yanakusudia kueleza yaliyokuwamo katika karatasi ile, kwa kuwa humo mna somo la fizikia ambalo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kulifuata.

Ndege huinuliwa na nini?

Bawa la ndege linapopita hewani huisukuma hewa iende chini, nayo hewa hulisukuma bawa liende juu. Kani hiyo ya kuinua hutegemea mambo manne: eneo la bawa, mwinamo wake dhidi ya hewa inayokuja, mraba wa mwendo wa ndege, na densiti ya hewa, yaani tungamo la hewa lililomo katika kila mita moja ya ujazo.

Eneo la bawa halibadiliki, na mwinamo una kikomo. Ukizidi, hewa haifuati tena uso wa bawa na kani ya kuinua huanguka ghafula. Kwa hiyo hewa ikipungua densiti, rubani amebakiwa na njia moja tu: kuongeza mwendo.

Densiti ya hewa kavu hupatikana kwa hesabu fupi. Gawanya kanieneo ya hewa, katika Paskali, kwa zao la 287 na halijoto katika Kelvini. Katika usawa wa bahari, kanieneo ikiwa Paskali 101,300 na halijoto nyuzi 15, yaani Kelvini 288, jibu ni kilogramu 1.23 kwa mita ya ujazo. Hiyo ndiyo hewa ya wastani ambayo wahandisi wa ndege duniani kote wameifanya kuwa kipimo chao. Katika kiwanja chetu kanieneo ilikuwa karibu Paskali 85,600 na halijoto Kelvini 301. Jibu ni kilogramu 0.99. Karibu sehemu moja ya tano ya hewa ilikuwa haipo.

Kimo kisichoandikwa katika ramani

Marubani huieleza hali hii kwa kipimo kiitwacho kimo cha densiti. Maana yake ni kimo ambacho hewa ya wastani ingekuwa na densiti sawa na hewa iliyopo kiwanjani wakati huo. Kanuni ya kukikadiria ni nyepesi. Halijoto ya wastani ni nyuzi 15 katika usawa wa bahari, nayo hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa kila nyuzi moja inayozidi halijoto hiyo ya wastani, ongeza mita 36 hivi juu ya kimo cha kiwanja.

Katika mita 1,400, halijoto ya wastani ni karibu nyuzi 6. Kipimajoto chetu kilisema 28, yaani ziada ya nyuzi 22. Zidisha kwa 36, upate karibu mita 800. Basi ramani ilisema tuko mita 1,400, lakini bawa na injini vilijiona viko mita 2,200. Alfajiri, halijoto ikiwa nyuzi 15, kiwanja kile kile kingekuwa na kimo cha densiti cha mita 1,730 tu. Kiwanja hakisogei, lakini kila siku hupanda na kushuka pamoja na jua.

Hasara tatu kwa pamoja

Hasara ya kwanza ni ya bawa. Densiti ikipungua kwa sehemu moja ya tano, mraba wa mwendo unaohitajika huongezeka kwa karibu robo, na mwendo wenyewe kwa asilimia 11 hivi. Ndege inayoacha ardhi ya pwani kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa sasa itahitaji 111. Chombo cha kupimia mwendo hakimwonyeshi rubani tofauti hiyo, kwa kuwa nacho hupima msukumo wa hewa ile ile iliyopungua. Kitasoma 100 kama siku zote, ilhali magurudumu yanakimbia kasi zaidi na kiwanja kinakwisha.

Hasara ya pili ni ya injini. Kila pistoni inaposhuka huvuta ujazo ule ule wa hewa, lakini ndani yake mna oksijeni kidogo zaidi. Injini ya nguvufarasi 160 isiyo na pampu ya kushindilia hewa itatoa takriban 125 tu. Zaidi ya hayo, kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani itamimina petroli nyingi mno kuliko hewa iliyopo, na injini itakohoa. Ndiyo sababu ndege hizi zina wenzo wa pekee wa kupunguza petroli, na rubani wa nyanda za juu hana budi kuujua vema.

Hasara ya tatu ni ya rafadha, ile pangaboi ya mbele. Nayo ni bawa linalozunguka, na hewa nyepesi huipa kitu kidogo cha kusukuma.

Tukiziunganisha hasara hizi, Cessna 172 iliyojaa, ambayo katika usawa wa bahari hukimbia ardhini karibu mita 250 kabla ya kuinuka, ingehitaji karibu 390 katika kiwanja chetu. Kitabu cha ndege hiyo kinaagiza kuongeza asilimia 15 ya mbio hizo iwapo kiwanja ni cha majani makavu. Tumekwisha kufika 450.

Msomaji atasema: kiwanja kina mita 700, zimebaki 250. Hapo ndipo penye mtego. Ndege hupanda kwa ile nguvu inayobaki baada ya kulipa gharama ya kwenda mbele. Tuseme pwani rafadha inatoa vizio 100, na 48 vinatumika kuikaza ndege angani. 52 vinabaki kwa kupanda. Katika hewa yetu ya mchana rafadha ilitoa 78, na matumizi yalipanda kufikia 53. Salio ni 25. Nguvu ya injini imepungua kwa robo hivi, lakini uwezo wa kupanda umepungua kwa nusu. Kufikia kimo cha mita 15 juu ya ardhi, ambako pwani huchukua mita 440, kungetuhitaji karibu mita 800. Mikaratusi ilikuwa kwenye mita 700, tena ilikuwa mirefu.

Viti vinne si watu wanne

Ndege ya Cessna 172, iliyoanza kuuzwa mwaka 1956 na ambayo imetengenezwa kwa wingi kuliko ndege nyingine yoyote duniani, ina viti vinne. Toleo la rafiki yetu liliruhusiwa kuruka na uzito usiozidi kilogramu 1,043. Ndege tupu na vifaa vyake ilikuwa karibu kilogramu 650. Petroli ya kujaza matangi, lita 150 hivi, ni kilogramu 108. Zinabaki 285. Watu wazima wanne wa kilogramu 75 kila mmoja ni 300. Viti vimo, lakini uzito umekwisha kupita kabla ya kupakia hata begi moja.

Uzito una nguvu mara mbili katika hesabu hii. Ndege nzito huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili iinuke, na tena huchelewa kuupata mwendo huo. Kwa hiyo kupunguza uzito kwa asilimia 10, yaani mtu mmoja na masanduku yake, hupunguza urefu unaohitajika kwa karibu asilimia 20.

Wajibu wa mwenye ndege

Tarakimu za kitabu ni ahadi ya injini nzima na ndege safi. Kuitimiza ahadi hiyo ni kazi ya mwenye ndege. Rafiki yetu na wenzake waliligawa deni lao mafungu mawili. La kwanza ni gharama zisizojali kama ndege inaruka au imelala: bima, banda, na ukaguzi wa kila mwaka wa fundi mwenye leseni. La pili huhesabiwa kwa saa za kuruka: petroli, mafuta ya kulainisha, na akiba ya kuifumua injini, kazi ambayo mtengenezaji huipendekeza baada ya saa 2,000 hivi kwa injini ya aina hii. Asiyeweka akiba kila saa anakula injini yake bila kujua.

Kila asubuhi rubani huchota petroli kidogo kutoka chini ya kila tangi na kuitia katika bilauri. Unyevu wa usiku hutonesha maji ndani ya tangi lisilojaa, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hukaa chini. Huchunguza pia mrija wa kupimia mwendo, kwa maana katika nchi zetu nyigu hupenda kujenga humo. Mwisho huijaribu mifumo miwili ya kuwasha cheche, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa kila silinda ina plagi mbili ili mfumo mmoja ukifa, wa pili uendelee. Injini iliyochoka huishusha ndege kama vile hewa nyepesi inavyoishusha, na hakuna jedwali la kitabu linaloonyesha hasara hiyo.

Katika Afrika Mashariki somo hili si la anasa. Tangu mwaka 1957, madaktari wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees walipoanzisha huduma ya madaktari wa ndege, vyombo vidogo vya namna hii vimewafikia wagonjwa katika viwanja vya majani, vingi vikiwa vifupi na baadhi vikiwa juu sana. Kila safari huanza na hesabu kama ile.

Kesho yake alfajiri, nyuzi zikiwa 15, ndege iliondoka na walimu wenzangu wawili tu. Kwa hesabu ya rubani, walihitaji chini ya mita 600 kufikia kimo cha mita 15. Waliipita mikaratusi kwa nafasi ya kutosha. Mimi na masanduku tulirudi kwa lori, safari ya kutwa nzima, na njiani nilipata wasaa wa kufikiri juu ya tofauti kati ya kuijua kanuni na kuitii.

Zoezi kwa wanafunzi

Kiwanja cha ndege cha Dodoma kiko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Tafuta kimo chake cha densiti (a) alfajiri, halijoto ikiwa nyuzi 17. (B) alasiri, halijoto ikiwa nyuzi 31. Majibu: karibu mita 1,450 na mita 1,960. Kisha fanya hesabu hiyo hiyo kwa shule yako, ukitumia kimo kilichomo katika ramani na kipimajoto cha maabara kilichotundikwa kivulini.