Avoka anayetaka kiti cha Tripaix

Wakili wa Lubumbashi anayetaka kuwa hakimu hapigi kampeni Katuba wala Ruashi. Katika majimbo mengi ya Marekani mahakimu hupigiwa kura, na mwananchi anaweza kuuliza mgombea amefanya kazi ya sheria miaka mingapi na wapi. Kwetu Kongo, Katiba ya 18 Februari 2006 ilichagua njia nyingine: Rais wa Jamhuri humteua hakimu kwa pendekezo la Baraza Kuu la Mahakimu. Basi swali la sifa lazima liulizwe mapema, kabla jina halijafika Kinshasa mezani kwa Rais. Inayoliuliza kwa niaba yetu ni sheria namba 06/020 ya 10 Oktoba 2006, inayohusu hadhi ya mahakimu.

Sheria hiyo inamtaka mwombaji awe Mkongomani, mwenye umri wa miaka 21 hadi 40. Awe na lisansi au udaktari wa sheria, kutoka Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) au chuo kingine kinachotambuliwa. Alete vyeti vya kuonyesha kwamba mwenendo wake ni mwema, kwamba hana rekodi ya jinai na kwamba afya yake inamruhusu kufanya kazi. Halafu afanye konkuru, yaani mtihani wa ushindani.

Miaka ya kazi haimo. Avoka aliyetetea watu kwa miaka kumi, aliyekwenda gereza la Kasapa mara nyingi kuzungumza na wafungwa, anakaa katika konkuru moja na kijana aliyetoka chuoni juzi. Tena akishavuka miaka 40, mlango umefungwa, wakati huo huo ambapo ujuzi wake ndio kwanza umekomaa. Ukitazama juu, Mahakama ya Katiba, mambo ni tofauti: kifungu cha 159 cha Katiba kinadai miaka 15 ya uzoefu katika sheria au siasa. Naona hesabu hii imegeuzwa kichwa chini, kwa sababu mwananchi wa kawaida hafiki Mahakama ya Katiba. Anafika Tripaix, mahakama ya amani.

Tazama mzigo wa mahakama hiyo. Sheria ya 11 Aprili 2013 imeipa makosa ya jinai ambayo adhabu yake haizidi miaka 5 ya kifungo. Imeipa pia mambo ya familia, urithi, na ugomvi wa ardhi ya kimila. Mjane anayefukuzwa nyumbani na ndugu za marehemu, mke na mume wanaoachana, kijana aliyeshikwa kwa wizi: wote wanasimama pale. Katika kesi zisizo za jinai, isipokuwa zile za mila, hakimu huamua peke yake, hana mwenzake wa kumshika mkono akikosea.

Na Lubumbashi imeona uzito wa kiti hicho. Mnamo 22 Juni 2016 Tripaix ya Kamalondo ilimhukumu Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, miaka 3 ya kifungo katika kesi ya nyumba, mwenyewe akiwa nje ya nchi. Hukumu hiyo ilitishia kumzuia kugombea urais. Mwezi uliofuata rais wa mahakama ile, Chantal Ramazani Wazuri, alijulikana kwa barua iliyosema kwamba alilazimishwa kutia sahihi. Serikali ilikanusha, na mama huyo akakimbia nchi. Mwaka 2019 Mahakama ya Kasasyo iliifuta hukumu. Siandiki haya kumhukumu mama huyo. Nayaandika kwa kuwa diploma haiwezi kuonyesha mtu atafanya nini mlango ukigongwa usiku na mwenye nguvu. Kifungu cha 150 cha Katiba kinasema hakimu yuko chini ya sheria peke yake. Wanaomjua avoka tayari, wateja wake, wapinzani wake na wazee wa barro (chama cha mawakili), ndio wanaoweza kueleza kama aliwahi kukataa bahasha au kusimama imara alipotishwa. Konkuru haiwaulizi.

Kuna na lugha. Hakimu anaweza kupelekwa popote nchini, na hukumu inaandikwa kwa Kifaransa, lakini mama wa komini ya Kenya au Kampemba anaeleza shida yake kwa Kiswahili. Avoka aliyekulia katika mahakama za mji huu anamsikia bila mkalimani.

Uzoefu huo una upande wake mgumu, ni kweli. Avoka akiwa hakimu anaondoka kwenye orodha ya barro, na kesi aliyowahi kuishughulikia kama wakili ni sababu ya kukataliwa asiihukumu. Katika mji ambamo mawakili wanajuana, jambo hili litatokea, na anapaswa kujiondoa mwenyewe kabla hajaombwa.

Nchi ya Kenya, kule Afrika Mashariki, inadai miaka 10 ya kazi kwa jaji wa Mahakama Kuu, na tume yake hutangaza majina ya waombaji ili raia waseme wanalojua. Sisi hatuhitaji kunakili yote. Bunge lirekebishe sheria ya 2006: angalau miaka 5 ya kazi kwa anayekwenda Tripaix, na ukomo wa miaka 40 uondolewe kwa mawakili. Nalo Baraza Kuu libandike majina ya waliofaulu konkuru mlangoni pa kila mahakama, hapa Lubumbashi na kwingineko, kabla ya kuyapeleka kwa Rais, na lipokee maoni ya watu kwa maandishi.